Jamvi Kwanza, Mashine Baadaye

Nisogezeni ukutani niketi. Siwezi kusema haya nimelala chali kama maiti. Nitakapokuwa maiti nitalala vya kutosha. Tausi, weka mto hapo mgongoni. Basi, basi, usinikamue. Na huo mlango uacheni wazi, hewa ya chumba hiki inanibana, tangu adhuhuri nageukia ubavu huu na ubavu huu, na hakuna ubavu unaonipokea.

Sikilizeni wanangu. Kwa jina lake Mola aliyenileta na ambaye sasa ananiita, mimi Mwanamkasi binti Yussuf, mzaliwa wa Tongoni, mkazi wa hapa Nguvumali, nasema nikiwa na akili zangu zote hata kama mwili umeanza kunikana, na mashahidi wangu ni mdogo wangu Miraji aliyekaa pale kwenye kigoda, na imamu wetu aliyeacha shughuli zake akaja kunisikiliza. Wewe Tausi ni binti yangu, na wewe Yasini ni mwanangu, na sina mtoto mwingine. Na wewe uliyeketi mlangoni kama unayeogopa kuingia, Khairat, binti wa marehemu Hafidh wa Wete, sogea karibu. Umevuka maji kutoka Pemba kwa ajili ya kitabu cha baba yako, na habari zake hutazisikia ukiwa huko.

Najua mnavyonitazama. Yasini anataka nimalize upesi kwa sababu Zebedayo, aliyewahi kushirikiana nasi, yuko nje kwenye gari lake anangoja jibu. Tausi analiogopa hilo jibu. Khairat anangoja nitubu. Yote nitayafikia, lakini niacheni niende kwa mwendo wangu, maana jambo lenyewe ni moja tu: kitabu kipi kitoke, na nani awe na kauli ya kusema kitoke. Kazi hiyo ya kuchagua nimeifanya tangu nyinyi mkiwa mnatambaa chini ya meza ya kukatia karatasi, na sikumbuki mwaka ulioniacha nilale nayo kwa raha.

Yasini, umekaa sana Dar es Salaam, siku hizi unausema mchezo wetu kama mtu anayesema habari za mabati, kwa hiyo nitaanzia ulikozaliwa. Ulizaliwa kwenye foleni. Miaka ile sukari ilikuwa ikija leo, kesho hakuna, nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na ukisikia lori limeshusha kitu duka la ushirika unatoka mbio, unaweka jiwe lako kwenye mstari, jiwe linasimama badala yako, na wewe unakwenda kukaa barazani na wenye mawe wenzako mpaka Mungu apende. Kwenye baraza hiyo ndiko alikokuwa Hafidh. Alikuwa mpanga herufi katika chumba chetu cha uchapaji, mimi na baba yenu Zubeiri tulimwajiri alipotoka Pemba, mtu mwembamba, mcheshi, asiyeweza kuona watu wamenuna akawaacha wanune. Siku moja akamgeukia mama mmoja aliyekuwa ameshika shavu, akamwambia, "Bibie, sasa wewe si wewe. Wewe binti wa sultani, umemtoroka babako, na lango la mji lishafungwa. Wafanyaje?"

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. Akasema, "Namhonga bawabu."

"Wamhonga kitu gani?"

"Sukari. Kwani kuna kingine?"

Baraza zima likaangua kicheko, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akadakia, "Mie ndiye bawabu, na sukari yako siitaki, nataka sabuni!" Mchezo ulianza hivyo, wanangu, hakuna aliyekaa akaubuni. Tangu hapo kila foleni watu walikuwa wakimtafuta Hafidh awe msimulizi, yeye anayeujua mji na hatari zake, na wengine kila mmoja anavaa mtu wake, huyu tabibu, huyu mwizi, huyu mpagazi, na tukikutana njiani tunaulizana, "Leo umevaa nani?" Likitokea jambo la bahati, mtu anataka kuruka ukuta au kumdanganya askari, mwanzoni tulirusha dadu, mpaka imamu wa wakati ule akatuita akatuambia dadu ni kamari. Hafidh hakubishana naye. Akashona kifuko, akatia kokoto nyeupe na nyeusi: ukitoa nyeupe umefaulu, ukitoa nyeusi umekwama. Imamu akasema kokoto hana neno nazo, na baadaye nilimkuta mwenyewe amevaa kadhi wa Mwambakuu, ule mji wetu wa mchezoni, anahukumu kesi ya punda.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mimi ndiye niliyesema tuandike. Baba yenu alicheka, akasema nani atanunua karatasi ya kusoma wakati hana unga. Lakini tulikuwa na vipande vilivyobaki kwenye kadi za harusi, tukavichapa, kikatoka kitabu chembamba chenye kanuni na safari moja tu ya kucheza. Kikanunuliwa, kikaazimwa, kikaibwa, na watu wakarudi wanataka kingine. Hapo tukaanza kujiita wachapishaji, na hapo usingizi wangu ukaharibika, maana karatasi ilikuwa kwa kibali, na kibali tulichopata kilitosha kitabu kimoja kwa mwaka. Kimoja. Khairat, nisikilize hapa.

Baba yako alikuwa ameandika mji mzima. Mwambakuu, mji wa kwenye foleni, aliuweka wote kwenye mswada wake: kila uchochoro, kila nyumba, nani kamwoa nani, nani kachimba kisima gani, bei ya karafuu ikipanda nani anafurahi na nani anauza mlango wake. Niliusoma jikoni, wali ukaungua. Ulikuwa mzuri, na sijapata kusema vingine, si kwake wala kwa mtu. Baba yenu Zubeiri alisema uchapwe kesho. Mimi nikasema hapana, kwanza niupeleke kwa watu, nikautia kwenye kikapu, nikadandia lori la nazi.

Nilianzia Ushongo. Nikaketi na wasuka makuti, nikampa mmoja anayesoma vizuri, nikamwambia wacheze mimi nitazame. Akafungua, akasoma habari ya mtaa wa kwanza, akasoma habari ya mtaa wa pili, wenzake wakawa wanasikiliza kwa adabu kama watu walio kwenye khutba, na hakuna aliyetoa kokoto hata moja kifukoni. Mwishowe mmoja akaniuliza, "Dada, tunaanzia wapi?" Nikakunja jamvi, nikawashukuru.

Nikapanda juu kwenda Moa. Huko alikuwapo mchuuzi wa dagaa anaitwa Mwamvua, ambaye nilijua anacho kile kitabu chetu chembamba. Nikakikuta juu ya kabati, safi, hakijaguswa siku nyingi. Nikamwuliza, "Mbona hamchezi?"

"Tucheze na nani, dada? Msimulizi wetu kaolewa Vanga, ng'ambo ya mpaka huko."

"Si kitabu mnacho?"

"Kitabu chasema bawabu yuko langoni. Nikiwaambia wenzangu bawabu yuko langoni, wananiuliza kavaa nini, ana hasira au ana njaa, mkewe nani. Kitabu hakisemi. Yule aliyeolewa alikuwa anajua kuwajibu. Mie nabaki nimefungua mdomo."

Nilirudi Tanga juu ya magunia na maneno ya Mwamvua hayakuniacha nikae. Maana nilikuwa nimekwenda kuuliza watu wanataka mji gani, na kumbe wameishiwa msimulizi. Na tazameni, kwenye jamvi lenye watu watano anayenunua kitabu ni mmoja, ni yule anayesimulia. Wengine wanakuja na masikio tu. Ukimkosa huyo mmoja umewakosa wote watano, hata uwachapie mji wenye paa za dhahabu. Ndipo nikamwita Hafidh chumba cha mashine nikamwambia karatasi ya mwaka huu tutaitumia kwa kitabu cha kumfundisha mtu kuwa msimulizi, na anayeweza kukiandika ni yeye peke yake.

Akasema, "Mwanamkasi, mie nimewapa mji, na wewe wataka niwafundishe kupiga hodi."

Nikamwambia, "Ndiyo, kwa sababu wamesimama nje."

Aligombana nami mbele ya baba yenu, alisema maneno ambayo sitayarudia mbele ya binti yake. Halafu akaketi akakiandika. Alikiandika kwa hasira, Khairat, alikuwa akiipiga ile taipureta utadhani anaiadhibu, na kikatoka kitabu ambacho mpaka leo hatujapata kuchapa kilichokizidi. Jinsi ya kumpa bawabu njaa yake. Jinsi ya kumtazama mchezaji asiyesema ukamvuta kwa upole. Jinsi ya kunyamaza. Siku alipomaliza aliweka kurasa mezani kwangu, akaweka na mswada wa Mwambakuu juu yake, akasema, "Huu kaa nao. Uutazame." Akarudi Pemba.

Wewe umekuja hapa ukitumaini niseme nilikosea. Naona kwenye macho yako, na si kosa lako, umelelewa na malalamiko yake. Lakini mtu aliye kwenye hali yangu hana nafasi ya kusema uongo ili kumfurahisha mgeni. Sikukosea. Kitabu cha msimulizi kilitoka, na mwaka uliofuata nikaanza kusikia majamvi Pangani, Muheza, hata juu Lushoto kwenye baridi, na Moa Mwamvua akawa msimulizi ambaye watu wanavuka kutoka Vanga kuja kumsikiliza. Mwaka ule, kwa karatasi ile, ningefanya hivyo hivyo tena.

Usilie. Bado sijamaliza.

Nigeuzeni kidogo. Hapo. Mbona mashine kimya leo? Mmeizima kwa ajili yangu? Msiizime, ukimya ule unanitia wasiwasi kuliko kelele.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Vitu vikamiminika, mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na karatasi pia, na karatasi ile ililetwa na Zebedayo. Alikuwa akipitisha mizigo mpakani Horohoro, akaja hapa na lori, akatuambia tuchape tunavyotaka, yeye ataleta karatasi na kusambaza. Na nataka mlisikie hili kutoka kinywani mwangu: Zebedayo si mtu mbaya. Ni yeye aliyetazama jamvi akaona lile nililoliona miaka yote bila kulifanyia kazi, kwamba wanne kati ya watano hawana cha kununua, akasema tuwatengenezee vijitabu vidogo, vya bei ya andazi, kila mmoja awe na cha kumwandika mtu wake, jina lake, nguo yake, hofu yake. Watoto wa shule walivigombania. Vile vijitabu ndivyo vilivyotulisha baba yenu alipougua mpaka akafa.

Ila Zebedayo alikuwa hatulii, na mie nami nilikuwa situlii, na Yasini ulikuwa kijana, ukampenda, na sikukulaumu kwa hilo. Ikawa kila akileta lori lazima tuwe na kitabu kipya cha kulijaza. Tukatoa cha majini. Tukatoa cha wachimba vito wa Mererani. Tukatoa cha timu za mpira, cha ikulu ya sultani, cha wawindaji, na kila kimoja na kanuni zake, kwa sababu kila mwandishi alitaka aonekane kabuni kitu. Walikuwapo vijana wa chuoni walioniandikia kila wiki wakidai kitabu cha silaha tupu, mapanga na bunduki na uzito wake, mpaka nikadhani nchi nzima inakidai. Tukakitoa, wakakinunua wao, na hakuna mwingine. Wale waliokuwa kimya, kina mama wa Moa na mafundi wa hapa mtaani, hao hawakuwa wameniandikia kitu maisha yao yote.

Siku moja baada ya alasiri nilitoka kwenda kwenye ile baraza ya zamani, ya foleni. Nikamkuta fundi cherehani, jirani yetu, kaketi peke yake na rundo la vitabu vyetu, vipya, vinanukia wino. Nikamwuliza wenzako wako wapi. Akasema, "Bi Mwanamkasi, wale wameshika Majini, wale kule nyuma wameshika Mererani, na kanuni hazifanani, aliyezoea huku hataki kuanza upya kule. Mie nimenunua vyote, na sina wa kucheza naye." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetoa habari za mvua. Nilirudi nyumbani nikiona aibu, maana yule ndiye aliyekuwa mteja wetu bora, na tulikuwa tumemvunjia jamvi lake kwa mikono yetu na tukaita biashara.

Kesho yake nikamwambia Zebedayo hatutatoa kitabu kipya. Tutachapa upya kile cha msimulizi na vijitabu vya wachezaji, basi, mpaka watu warudi kwenye jamvi moja. Akasema, "Mama, duka likikosa vitu vipya watu watakwenda kwenye video." Nikamwambia wengine wameshakwenda, na hao waliobaki ndio wangu. Akaondoa karatasi yake. Tulirudi kuchapa kadi za harusi na lebo za kahawa, Tausi unakumbuka, ulikuwa unashika mashine kama mwanamume, mafuta mpaka viwikoni, na wewe Yasini ukaenda Dar kwa hasira, ukafanya kazi kwa Zebedayo. Ilikuwa miaka migumu. Lakini taratibu niliona baraza zikijaa.

Maji. Ahsante, mwanangu.

Katika miaka hiyo, Khairat, baba yako alikuja. Hukujua? Hakukwambia. Alishuka bandarini bila taarifa, akaja mpaka Nguvumali, na hakupita kwangu. Alikaa kwenye jamvi la binti mmoja mshona vitambaa, akasema yeye mgeni, anaomba kucheza, wakampa mtu wa kuvaa. Mimi niliitwa na watoto, nikasimama nyuma ya dirisha la jirani nikachungulia. Yule binti alikuwa anasimulia kwa kitabu cha baba yako, bila kukifungua, maana alikwisha kukihifadhi. Akamwambia, "Babu, bawabu anakutazama mikono. Hana haja na fedha zako. Mwanawe kaumwa na ng'e, na wewe wanukia dawa." Hafidh alikuwa amevaa tabibu. Akatoa kokoto, ikawa nyeusi, dawa haikumfaa mtoto, na yule binti hakumwonea huruma, akamfungia lango hivyo hivyo kama kitabu kinavyofundisha. Na baba yako akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu.

Jioni ndipo akaja kwangu. Nilimpa kahawa, akanywa amesimama. Akasema, "Ungelichapa kile changu, yule mtoto asingenijua wala nisingemjua." Nikasema, "Basi yamekwisha." Akasema, "La. Hayajesha. Sijakusamehe, Mwanamkasi. Kile kitabu ndicho nilichokipenda." Akaondoka, na mwaka jana tumepata habari za msiba wake. Kwa hiyo hukuja kudai kitu ambacho yeye alikwisha kukisamehe, haki yako iko palepale, na mimi nakwenda nikiwa nadaiwa radhi. Sitaki mtu anipambie hilo kaburini.

Sasa nafika kwa aliye nje garini. Yasini, usitazame saa.

Zebedayo anataka mashine, jina, na haki ya vitabu vyote. Anataka kuvitoa upya, vinene, picha za rangi, vichapwe ng'ambo, na kanuni mpya kabisa, ili kila mwenye kitabu cha zamani akione hakifanyi kazi anunue kingine. Amenieleza kwa heshima na hakunificha kitu. Najua wewe Yasini unaona ni akili, na kwa mtu wa bidhaa ni akili kweli. Lakini mwezi wa Shaabani, nilipokuwa bado naweza kupanda gari, nilikwenda Moa. Mwamvua ni bibi sasa. Kitabu chake cha msimulizi kashona upya mgongo wake kwa uzi wa nyavu, pembeni kaandika majina ya kila mtu aliyevaliwa kwenye jamvi lake, kurasa zimejaa, na mjukuu wake anajifunza kusoma humo. Nikajaribu kuona namna nitakavyomwambia kwamba vyote anavyovijua vimefutwa, anunue vingine. Mdomo ulikataa. Makosa ya chapa yarekebisheni, kanuni mbovu itengenezeni, hilo sikatazi. Lakini kitabu kipya kitakachofanya cha Mwamvua kuwa karatasi ya kufungia dagaa, hicho hakitatoka kwa jina langu.

Mali yangu ni chache na wote mnaijua. Nyumba hii, shamba la minazi la Pangani, mashine na jina. Kama yuko anayenidai, Miraji amekwisha kumalizana naye. Sheria ya Mungu imempa Yasini fungu kubwa kuliko la dada yake, na mimi siipindui. Ila katika theluthi yangu, ambayo nina ruhusa nayo, nampa Khairat karatasi yote iliyomo stoo, na mswada wa baba yake unarudi mikononi mwake, auweke, auchome, auchape, ni wake. Yaliyobaki nakuomba, Yasini, nakuomba mbele ya mashahidi, wala sikuamrishi: chukua nyumba na shamba viwe fungu lako, na mashine na jina mwachie Tausi, na kauli ya kitabu kipi kitoke iwe yake.

Sema. Imamu asikie.

Miraji, mwache, usimsukume. Mwache afikiri.

Umesemaje? Rudia, masikio yangu yanakwenda. Unakubali... kwa sharti kwamba Tausi hatachapa kitabu kwa huruma. Hata kile cha Mwambakuu.

Khairat, usikunje uso. Hilo ni sharti la mfanyabiashara, nami nasema ni sharti zuri, na nimefurahi, Yasini, kwamba umekaa kwa Zebedayo ukajifunza kitu, mwanangu. Tausi, likubali. Umelikubali? Imamu, umesikia. Miraji, umesikia. Basi, Miraji nenda umwambie yule mtu nje jibu ni hapana, na umwingize ndani ale, ameshinda juani, na sina kinyongo naye.

Nilazeni sasa. Taratibu... taratibu.

Tausi, sogeza sikio. Na wewe Khairat. Mwambakuu msiuchape wote. Sasa hivi wasimulizi wapo wanaojua kuuingia, hawakuwapo wakati ule, lakini bado... bado ni mkubwa. Toeni mtaa mmoja. Mtaa wa visima, ule ndio ulioniunguzia wali. Upelekeni Ushongo, upelekeni Moa. Mtandike jamvi, mwape watu, halafu mkae nyuma. Msieleze. Mtu akikwama, msimsaidie, andikeni alipokwama. Khairat, utataka kusema, baba alikuwa na maana hii. Usiseme. Kitabu kitakapokuwa Lushoto wewe hutakuwapo kukisemea.

Wakiuliza kesho mnarudi saa ngapi... huo chapeni. Na wakiuliza habari za mtaa wa pili, nendeni na wa pili.

Wakiinuka kabla haujaisha, wakaanza kuitana kwenda sokoni... kunjeni jamvi, washukuruni, mrudi nyumbani. Msichape. Hata kama ni cha marehemu. Hata kama mmekipenda.

Na jingine, la mwisho, maana pumzi... Msije mkasema, mama angependa hiki. Sitapenda kitu. Nitakuwa sipo. Mimi niliwajua watu wa foleni na watu wa ruksa, watakaokuja siwajui, wataketi namna yao. Waulizeni wao. Msiniulize mimi.

Yasini, nipe mkono. Si huo, ule mwingine, nimeulalia huu. Tausi na wewe. Radhi yangu mnayo, yote, ya maziwa na ya uchungu. Mungu awape rizki isiyowatenganisha. Awape wasimulizi... awape watu wa kuketi nao. Khairat, binti yangu, na wewe umo, usikae mbali.

Imamu, nisomee. Polepole, nikufuate... La ilaha... polepole, nimekwambia...

Fungueni mlango. Si nusu, wote.